Simu ya Kifuani mwa Shangazi

Msimu wa kutoa wali, yaani wasichana wa unyago, ukifika Mikindani, kila mwenye mwali anataka "kamera kubwa". Simu hata wao wanazo. Ndiyo maana nilipanda bodaboda kutoka Mtwara mjini nimepakata kamera ya fremu kamili na lenzi ya kuvuta mbali, 70-200 ya f/2.8, ambayo peke yake inakaribia kilo moja na nusu.

Mzigo huo una kazi yake. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Ya simu ya kawaida haifikii ukucha wa kidole kidogo. Mwali akitoka chini ya turubai, uso unang'aa mafuta, jua la saa nane liko nyuma yake, sensa kubwa inabeba kivuli na mwanga kwa pamoja. Simu mara nyingi inakupa kimoja: uso uwe giza, au anga iungue.

Mama wa mwali ni mtu wa huruma. Nikiwa kwenye ubwabwa, alilihamisha begi langu chumbani kwake, kwenye kiyoyozi kilichotegeshwa nyuzi 16. "Kifaa cha mamilioni hakikai na joto, mwanangu." Akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga, akaenda kucheza ngoma.

Ngoma ilipobadilika, wali wako mlangoni na miwani yao ya jua, ndipo ufunguo ukapatikana. Nikaitoa kamera, nikaweka jicho: weupe mtupu. Nikafuta lenzi. Ukungu ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi mzito zaidi.

"Kameramani, mbona kamera inatoka jasho?" mtoto mmoja akauliza.

"Imewaona wali," mzee akamjibu.

Hewa ya pwani ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mvuke wake unageuka maji kwenye kitu chochote chenye chini ya nyuzi 25 hivi. Kioo changu kilikuwa kimetoka baridini. Kufuta hakusaidii, maana unaondoa maji na ubaridi unaubakiza pale pale. Kubadilisha lenzi ndiyo balaa: ile nyingine nayo imetoka kwenye begi lile lile, na ukifungua mdomo wa kamera, hewa yenye unyevu inaingia hadi kwenye sensa. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu navyo havipashi kioo joto. Dawa ni kuitia kamera kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado chumbani, kuukamua hewa, kuufunga, kisha kuutoa nje na kutoufungua hadi vyombo vipate joto la nje. Lenzi nene kama ile inataka nusu saa au zaidi.

Mjomba akashauri tuisogeze kwenye sufuria la pilau ipate joto. Joto ingepata, na mvuke wa pilau juu yake.

Hapo ndipo shangazi alipoingiza mkono kifuani akatoa simu. Ilikuwa imeshinda mwilini mwake, ina joto kuliko hewa ya nje, kwa hiyo haikushika hata tone. Kilichokuwepo kwenye kioo chake ni mafuta ya nazi, alama ya kidole gumba nzima. Mafuta yanatawanya mwanga, na jua likiwa nyuma, kila mwali akatoka na duara la nuru kichwani. Lenzi yangu ilipokauka, picha zilishakuwa kwenye status za nusu ya Mikindani, na wali walishaingia ndani. Nilichopata mimi ni mjomba akila pilau, picha kali kiasi cha kuhesabu punje kwenye ndevu.

Wakataka picha ya ukutani, A3. WhatsApp ilishaiminya ile ya shangazi hadi pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, kama 1600 upande mrefu. Ukiitandaza kwenye sentimita 42 za upande mrefu wa A3 unapata pikseli 97 kwa inchi, na karatasi inataka 300. Nikawaeleza kwa kirefu. Mama wa mwali akaitazama ya shangazi, akamtazama mjomba na punje zake.

"Zako kavu. Tutilie nuru kama ya shangazi."

Nikamfuata shangazi kumuuliza mafuta yake ni ya duka gani.

"Lete hiyo lenzi nikupakie," akasema. "Elfu tano."