Alama ya Tatu ya Kanisa

Waulize Wapresbiteri ni nini kinachothibitisha kwamba kanisa lao ni la Matengenezo kweli, yaani la mapokeo ya Kiprotestanti ya Calvin, na wengi watakutajia Ungamo la Westminster, tamko rasmi la imani ambalo Kanisa la Scotland lililipokea mwaka 1647. Jibu hilo si la kupuuzwa. Pasipo ungamo, mafundisho hubadilika kila mchungaji anapohamishwa, na wazee wa kanisa hawana pa kumshikia akipotoka.

Ila ungamo lenyewe, sura ya 31, linakiri kwamba mabaraza yote ya kanisa tangu enzi za mitume yanaweza kukosea, na mengi yamekosea. Anayelifanya sawa na Maandiko amekwisha kulivunja.

Mimi hurudi mara kwa mara kwenye mfano wa Afrika Kusini. Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi halikufuta hata nukta moja katika maungamo yake. Hata hivyo, mwaka 1857 sinodi yake ilikubali kwamba Maandiko yanataka waumini wote waabudu pamoja, kisha, kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi", yaani Wazungu waliokataa kuabudu na wengine, ikaruhusu wasio Wazungu watengewe ibada zao. Mwaka 1881 wakaundiwa kanisa lao kabisa.

Je, basi maungamo hayana kazi? La. Kanisa hilohilo la waliotengwa ndilo lililopitisha Ungamo la Belhar mwaka 1986, likitangaza kwamba umoja na haki ni sehemu ya Injili. Kidonda kilichoachwa na waliokuwa na maungamo kilitibiwa kwa kuungama upya. Mwaka 2016 Wapresbiteri wa Marekani, wale wa kanisa lao kubwa zaidi, waliliingiza katika kitabu chao cha maungamo. Wapo wanaohofu kwamba kila kizazi kikiongeza lake, ungamo litageuka tamko la siasa. Hofu hiyo naiheshimu, lakini kwa Belhar haina mashiko: suala lilikuwa nani anakaribishwa kwenye Meza ya Bwana.

Hapo ndipo Ungamo la Scotland la mwaka 1560, ambalo John Knox alishiriki kuliandika, linapotufaa. Linataja alama tatu za kanisa la kweli: Neno kuhubiriwa, sakramenti kutolewa ipasavyo, na nidhamu. Hiyo ya tatu tumeizoea kama fimbo ya kuwachapia vijana na wajawazito wasioolewa. Mwaka 1857 ilipaswa kumwangukia aliyekataa kushiriki Meza na ndugu yake. Aliyeondolewa ni ndugu.