Shangazi Yangu Aliacha Watoto

Ndugu mmoja wa ukoo ndiye aliyeandika tanzia ya shangazi, ikasambaa kwenye simu kabla hata maiti haijatoka ndani. "Marehemu hakujaliwa mtoto wala hakuwahi kuajiriwa." Basi. Umri wote ule alioishi Pangani umemalizwa kwa vitu viwili ambavyo hakuwa navyo. Nimeshindwa kunyamaza.

Waliokuwa wakivuka na pantoni alfajiri kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, wanamjua. Alikaa upande wa mjini, watu wanaposhukia, na chuma chake cha vitumbua. Mchele kauloweka tangu jana, kausaga, katia tui zito, iliki na hamira. Anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti mpaka kingo ziwe kahawia na katikati pabaki laini. Kitumbua shilingi 50 enzi hizo. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kabla haijafutwa Januari 2016. Piga hesabu: vitumbua 400 kwa mtoto mmoja, na hapo mchele na mafuta havijarudi, michango na sare bado. Mimi nimesoma kwa hesabu hiyo. Binamu zangu pia, na mtoto wa jirani ambaye mama yake alikuwa hajiwezi. Anayesema shangazi hakuwa na kazi aniambie ile ilikuwa nini.

Na vitumbua ni sehemu ndogo. Shangazi alikuwa kijumbe, msimamizi wa upatu, ule mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu. Mcheza upatu mmoja akikwama, kijumbe ndiye anayejaza pengo, kwa sababu mwenye zamu kishaagiza mabati na fundi kishafika. Niliwahi kumwona akivua bangili zake za dhahabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nazo kwa sonara. Kesho yake mwenye zamu alipokea fedha yake kamili. Aliyekwama alikuwa na mtoto hospitali, na shangazi hakumtaja kwa mtu. Bangili hazikurudi. Yote yaliandikwa kwenye daftari la kaunta, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza kwenye chuo cha Kurani, jina na mbele yake alama ya kila wiki. Wanawake ambao hakuna benki ingewatazama wamejenga kwa daftari lile.

Ni kweli alikuwa mkali. Mchelewaji alifuatwa mpaka mlangoni, na wapo waliomkwepa njiani. Nakubali pia kwamba tanzia ni fupi, haiwezi kusema kila kitu. Lakini nafasi ya kutaja asichokuwa nacho ilipatikana.

Kwetu Pwani shangazi ni baba. Huyu ndiye aliyenifunda, na siku ya posa yangu alikaa mkekani akauliza maswali ambayo wanaume waliona haya kuyauliza. Halafu niambiwe hakuacha mtoto?

Arobaini inakaribia na tayari watu wanazungumzia nyumba. Nyumba isubiri. Mzunguko wake wa mwisho wa upatu haukuisha. Wapo waliotoa kila wiki na zamu zao hazijafika, na deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi. Naomba ukoo tukae, tuchange, tuwalipe wote. Daftari ninalo mimi, na asiyeweza kusoma herufi zile aje nimsomee.