Tope la Punje: Tatizo Mara Nyingi Liko kwenye Ulishaji

Wanaopinga kusafisha majitaka ya majumbani kwa tope la punje wana hoja tatu: punje huchelewa kuumbika, husambaratika bila onyo, na mtambo wake hutegemea vihisi ambavyo si kila mahali vina fundi wa kuvitunza. Hoja ya tatu ina uzito. Mbili za kwanza, mara nyingi, zinailaumu punje kwa kosa la namna ilivyolishwa.

Punje ni bakteria walioshikamana kwa ute wao wenyewe, kipenyo chake kikianzia milimita 0.2. Mabonge mepesi ya tope la kawaida huzama kwa takriban mita 1 kwa saa. Punje iliyokomaa huzama zaidi ya mita 10. Ndiyo maana tangi moja hufanya kazi yote, bila tangi la kutuamia wala pampu za kurudisha tope, na linabeba gramu 8 za tope kwa lita pale ambapo mtambo wa kawaida hubeba 3 hadi 5.

Wengi hudhani punje huumbwa na msukosuko wa hewa, hivyo zikianza kulegea wanaongeza hewa. Msukosuko husaidia kulainisha uso wa punje, lakini kazi kubwa hufanyika kabla kipuliza hakijawashwa. Majitaka huingizwa polepole kutoka chini ya tangi kwa muda wa saa moja hivi, bila hewa, yakipenya tope lililotulia, huku maji yaliyokwisha kusafishwa yakisukumwa nje kwa juu. Punje nzito zimelala chini, kwa hiyo ndizo zinazokifikia chakula kwanza. Bakteria wanaolimbikiza fosfora hufyonza asidi asetiki iliyomo kwenye majitaka na kuihifadhi ndani ya miili yao. Hewa ikija, wanaitumia akiba hiyo na kukua taratibu. Ukuaji huo wa taratibu ndio unaotoa punje nzito, yenye uso laini. Wale wa haraka, na wale wenye umbo la nyuzi, hukuta chakula kilichoyeyuka kimekwisha.

Sasa mzunguko uliotangulia (kulisha, kupuliza hewa, kutuamisha) ukiacha nitrati nyingi, yaani zao la amonia inapopata hewa, au vali ikivujisha hewa wakati wa kulisha, asidi hiyo huliwa na bakteria wengine kabla ya kuhifadhiwa. Wiki kadhaa baadaye punje zinaota manyoya, nazo huitwa dhaifu. Dawa ni kupima nitrati mwishoni mwa kila mzunguko na kurefusha hatua ya kuiondoa.

Kuna kipimo rahisi mno ambacho hakipewi nafasi kinayostahili. Jaza silinda ya lita moja kwa mchanganyiko wa tangi, soma ujazo wa tope dakika ya 5, kisha dakika ya 30, na ugawe kila ujazo kwa gramu za tope zilizomo. Tuseme lita hiyo ina gramu 8: mililita 400 dakika ya 5 ni 50 kwa gramu, na 360 dakika ya 30 ni 45. Namba zimekaribiana, kwa hiyo tope ni la punje. Katika tope la kawaida, dakika ya 5 bado tope limejaa karibu silinda nzima. Anayesoma dakika ya 30 peke yake anaweza kuona tope zuri huku namba ya dakika ya 5 ikipanda wiki baada ya wiki, na hapo ndipo kuvunjika "bila onyo" kunapozaliwa. Onyo lilikuwepo.

Kuhusu umeme, mtambo wa tope la punje wa Garmerwolde nchini Uholanzi, ulioanza 2013, uliripotiwa kutumia umeme uliopungua kwa asilimia 58 hadi 63 ukilinganishwa na wastani wa mitambo ya kawaida ya nchi hiyo. Namba hiyo ni nzuri, ila imelinganishwa na wastani, wala si na mtambo mpya wa kawaida uliosanifiwa vizuri. Sehemu inayodumu popote ni ile ya vifaa visivyokuwepo: vikorogeo na pampu za kurudisha tope.

Upande wa pili una yake ya kweli. Mvua hupunguza nguvu ya majitaka, na mabomba mafupi huleta maji yasiyo na asidi asetiki ya kutosha. Hapo kuanza kutoka tope la kawaida huchukua miezi mingi, isipokuwa ukileta mbegu ya punje kutoka mtambo mwingine. Chembe ngumu haziwezi kupenya punje, hivyo hulisha mabonge mepesi, ambayo lazima yatolewe kutoka tabaka la juu kila mara. Viputo vya nitrojeni na mafuta huinua tope hadi kwenye maji yanayotoka. Kupuliza hewa kwa muda mfupi kabla ya kutuama hupunguza viputo, mafuta yanataka kunaswa mwanzoni. Mifereji ya kutolea maji isipokuwa sawasawa kabisa, majitaka hupita upande mmoja na punje za upande mwingine hufa njaa. Na kwa kuwa majitaka hayakomi kuja, yanahitajika matangi matatu ya aina hiyo ya kupokezana au tangi la akiba.

Kwenye vihisi hakuna njia ya mkato. Kihisi cha amonia kikidanganya, hewa huzimwa mapema au hupulizwa kupita kiasi, na nitrati inaharibu ulishaji unaofuata. Pasipo mtu wa kukisafisha na kukilinganisha na kipimo cha maabara, tope la kawaida ni chaguo salama zaidi. Pakiwa na mtu huyo, na asidi asetiki ikapatikana hata siku za mvua, sioni sababu ya kujenga tangi jingine la kutuamia.