Dhahabu kwa mtu aliyeikimbia dhahabu

Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, dini ya kale ya India, aliaga ufalme akiwa na miaka 30. Akavua mapambo yote chini ya mti, kisha akaanza kung'oa nywele zake kwa mkono. Hakunyoa, aling'oa, konzi baada ya konzi, na makonzi matano yakamaliza kichwa. Ndivyo inavyosimulia Kalpasutra, kitabu kitukufu cha Wajaini wa dhehebu la Shvetambara.

Sasa tazama tukio hilo lilivyochorwa kwenye nakala za kitabu hicho huko Gujarat, magharibi mwa India, karne ya 15. Dhahabu kila mahali, buluu ya mawe yaliyosagwa, wekundu unaowaka nyuma. Mahavira amekaa, mkono umeshika nywele. Mbele yake Indra, mfalme wa miungu, mwenye taji na mikono minne, amejiinamia kuzipokea. Jicho la pili la kila mtu limetokeza nje ya uso, kama limekataa kufichwa na pua. (Wapo wanaoliona kosa la fundi. Kosa gani la kurudiwa karne nzima na mafundi wote?)

Mara ya kwanza nilisema huu ni unafiki. Mtu kakimbia mali, nyie mnampaka mali! Siku hizi nimelegea kidogo. Dhahabu ile ni ya mfadhili, mara nyingi mfanyabiashara au mtu wa benki. Aliwalipa mwandishi na mchoraji, kitabu akawapa watawa, kikasomwa mbele ya waumini siku za Paryushana, sikukuu yao ya msimu wa mvua. Yeye akabaki na thawabu. Kwa hiyo mali imemtoka kweli, na hapo yuko karibu na Mahavira kuliko nilivyodhani.

Lakini soma ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utamkuta mfadhili kwa jina, na ukoo wake umepangwa nyuma yake. Sisi tumefundishwa sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui. Huyu wa kushoto kaambiwa kila kitu.

Kinachonivuta zaidi ni kitu kidogo. Zamani waliandika kwenye majani ya miti jamii ya mvumo, wakayatoboa tundu la kupitisha uzi. Ilipokuja karatasi, tundu halikuhitajika tena. Waandishi bado wakaacha nafasi yake katikati ya maandishi, wakachora kiduara pale pale, na katika nakala za kitajiri, wakakijaza dhahabu.