Katauti kwenye Mustang ya 1967 hapa Malindi: ya swichi au ya spana?

Rafiki yangu hapa Malindi ana Ford Mustang ya 1967, V8 (silinda nane, nne kila upande) ya inchi za ujazo 289, yani lita 4.7, kabureta ya koo mbili, na hii wiki ya pili kila tukikutana swali ni lile lile, aweke katauti au asiweke. Nimemjibu vipande vipande barazani mpaka nikaona bora nikae niandike yote, manake si yeye peke yake, kuna vijana wana Land Rover za zamani na Mercedes za zamani nao wanauliza hilo hilo.

Kwa asiyeijua, katauti ni mlango tu. Fundi anakata bomba la ekzosi kabla halijafika kwenye sailensa, anachomelea tawi, na mdomoni mwa lile tawi panawekwa kifuniko. Ukifunga, moshi unafuata njia yake mpaka nyuma kwa utulivu. Ukifungua unatokea pale pale chini ya gari na sauti yote ya injini. Kuna ya kufunga kwa bolti ambayo lazima uingie chini na spana, kuna ya kuvuta kwa waya kama choki, na kuna ya umeme yenye kijimota na swichi kwenye dashibodi.

Nianze na upande wa kuitaka manake mie mwenyewe naipenda na sifichi. Sauti ya V8 ya Kimarekani si kelele ya bomba lililotoboka, ina sababu yake. Ile 289 inawasha silinda kwa mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8, na kwa hesabu ya Ford namba 1 mpaka 4 ziko kulia, 5 mpaka 8 kushoto. Sasa zipange kwa pande: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Zisome kwa sauti huku unagonga meza, utasikia ngoma. Kila upande una mahali unapiga mara mbili kwa kufuatana halafu unavuta pumzi, na hiyo ndo inayofanya gari ingurume badala ya kulia moja kwa moja kama injini ya silinda nne. Mtu akitunza gari ya karibu miaka 60, atafute spea kwa tabu, apake rangi, ashone viti, halafu asiisikie injini yenyewe, namuelewa akisema kuna kitu amekosa.

Lakini hapo hapo ndo wengi wanakosea. Gari yake ina ekzosi moja, pande zote mbili za injini zinakutana chini kwenye bomba la umbo la herufi Y halafu sailensa moja. Pande zikishakutana, mapigo ya huku yanajaza nafasi za kule, ngoma inafifia, kwa hiyo ukiweka katauti moja baada ya makutano utapata sauti kubwa sana lakini ile ngurumo unayoitafuta utaipata kidogo. Anayetaka sauti yenyewe aweke mbili, moja kila upande, kabla ya makutano. Na kabla ya makutano ni wapi? Ni chini ya miguu ya dereva na abiria. Hilo nitalirudia manake ndo linalonikosesha usingizi kwenye hii kazi.

Hoja ya nguvu mie siipi uzito watu wanaoipa. Ni kweli sailensa moja ya kiwandani inabana, injini ikizunguka juu kabisa moshi haupati njia ya kutosha, na ukifungua inapumua. Ila kwa kabureta ya koo mbili, mjini kwenye matuta, mizunguko elfu mbili elfu tatu, hutaona kitu. Zile nguvu za farasi 200 zilizoandikwa vitabuni kwa injini hii zilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini iko juu ya stendi imevuliwa vitu vingi na haijavaa ekzosi yake ya barabarani, mpaka 1972 ndo kampuni za Marekani zikahamia kuandika vipimo vya injini iliyovaa kila kitu. Kwa hiyo akija mtu kukwambia katauti itakurudishia farasi zako za kiwandani, jua hazikuwahi kufika kwenye tairi. Na ukifungua karibu sana na manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini, unaweza hata kupunguza nguvu ya mizunguko ya chini. Watu husema injini inahitaji kubanwa kidogo, mie sikubali hiyo, kinachohitajika ni moshi kwenda kasi kwenye bomba la kipimo chake ili pigo moja livute lingine, ukilikatiza bomba mapema mno ule mvuto unapotea na gari inatoka kwenye tuta kwa uzito huku inapiga kelele. Halafu kuna mchanganyiko wa kabureta, injini ikipumua zaidi inaweza kukosa petroli ya kutosha, ukichomoa plagi unazikuta nyeupe, na hapo lazima ubadilishe jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, la sivyo unachoma valvu. Anayetaka nguvu, hela hiyo hiyo aitie kwenye bomba mbili kamili zenye kiungo katikati na sailensa mbili nzuri, atapata nguvu mchana na usiku na hafungui chochote.

Kwa hiyo tubaki kwenye sauti, manake kwa gari hii katauti ni sauti. Hilo si jambo la aibu na si wazo la vijana wa juzi. Pontiac GTO ya 1970 iliuzwa ikiwa na kitufe cha kuvuta chini ya dashibodi, ukikivuta, mvuto wa hewa wa injini wenyewe unafungua njia ndani ya sailensa na gari inabadilika sauti. Wakubwa wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, waliisimamisha mapema mwaka ule ule wa modeli, zilizotoka nayo ni mia mbili na kitu tu. Naitaja kwa sababu inaonyesha mambo mawili kwa pamoja, hamu ya kuwa na gari ya sauti mbili ni ya kweli mpaka kiwanda kiliiona, na kiwanda hicho hicho kilirudi nyuma. Kule Marekani majimbo mengi, California ikiwemo, yanakataza katauti kwa jina lake kabisa.

Kwetu Kenya sheria ya trafiki inataka gari iwe na sailensa inayofanya kazi, na kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinasema gari isipite desibeli 84 ikikanyagwa mafuta. V8 iliyofunguliwa ukisimama karibu yake inapita 100 bila tabu, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele, kila 10 zikiongezeka sikio linasikia kama mara mbili. Kanuni hizo hizo zinataka mitaa ya watu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi isizidi 35. Ukweli ni kwamba mitaa yetu haifiki hapo hata bila Mustang, kuna bodaboda, kuna mziki wa harusi, na mwenye gari ananiambia hivyo hivyo, mbona wao. Mie namwambia harusi mtaa mzima umejua na unaisha, wewe unampitia mtu asiyejua kama unakuja. Mvuvi analala mapema aamke saa tisa aende baharini, mama ana mtoto ndo kwanza amenyamaza, mzee yuko nyuma ya ukuta wa mji wa kale pale karibu na Msikiti wa Ijumaa ambako kuta zinarudishiana sauti. Na usiku ni mbaya zaidi, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu sauti inapinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani, ndo maana mngurumo wa gari kule barabara ya Casuarina unaweza kuusikia mbali ndani ya mji kama uko mlangoni.

Sasa ya swichi au ya spana. Hoja ya swichi ina nguvu na kwa muda mrefu hata mie nilikuwa upande huo. Ukikaribia hospitali unafunga, ukiona punda na mkokoteni mbele unafunga, ukisikia adhana unafunga, ukitoka unafungua. Ya spana ukishaifungua nyumbani umeifungua safari nzima, utapita mji wote hivyo hivyo mpaka utakapofika. Kwa karatasi, swichi ndo ya mtu mwenye adabu.

Ila karatasi haina chumvi. Hapa upepo wa bahari unakula nati ya geti, itakuwa kijimota kilichofungwa chini ya gari karibu na bomba la moto, kinarushiwa mchanga na maji ya mvua? Nyingi za bei nafuu zina mwili wa alumini na bolti za chuma, na alumini na chuma vikikutana na chumvi vinalana. Jamaa mwingine tunayejuana aliweka ya umeme kwenye gari yake, ilimtumikia vizuri miezi michache, halafu usiku mmoja anarudi kutoka Watamu anabonyeza swichi, kimya, kile kibati cha ndani kinachofunga na kufungua kimekwama wazi. Saa tano usiku alivuka mji mzima na sauti yote, na asubuhi alienda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hakuwa mtu wa fujo, tena swichi alikuwa ameinunua kwa ajili ya majirani. Na hata ikiwa nzima, kibati cha ndani mara nyingi hakizibi sawasawa, moshi unapenya kidogo kidogo muda wote na masizi yanazidi kukikwamisha.

Kuna na jambo la moyo. Swichi iko mkononi, kijana kwenye taa amekuangalia, kidole kinakwenda chenyewe. Ya spana inakulazimisha uamue kabla hujatoka, ulale chini, uchafuke, ufungue bolti tatu kila upande, na mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya kwenda dukani. Anafanya siku ametoka kwa makusudi, tena anaweza kuifungulia huko huko, abebe jeki, stendi na spana kwenye buti, apite mji kimya, akifika barabara ya Sala, ile ya kwenda Tsavo, amepita Langobaya na nyumba zimekwisha, asubiri bomba lipoe, afungue. Kurudi vile vile. Tabu ile ndo naitaka, ndo inayolinda mtaa kuliko ahadi yoyote.

Nirudi chini ya miguu. Mustang za miaka ile zinajulikana kwa kutu pale chini ya kioo cha mbele ambako hewa inaingilia, maji yanashuka mpaka sakafuni, na gari iliyokaa pwani ndo kabisa. Sakafu yenye vitundu, juu ya midomo miwili ya ekzosi, kwenye injini ya kabureta isiyochuja chochote, ni hatari ya kuua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, unaumwa kichwa, unasinzia, unadhani ni joto la Malindi. Kufungua vioo hakutoshi, gari ikienda upepo wa nyuma unaurudisha moshi ndani.

Nilichomwambia rafiki yangu basi ni hiki. Weka mbili, za kifuniko cha bolti, stenlesi, gasketi mpya kila ukifunga, na bolti zipakwe grisi ya moto. Matawi yasiishie pale yalipozaliwa, yavutwe na bomba mpaka nyuma ya mlango na midomo igeukie nje ubavuni, mbali na bomba la petroli na la breki, na pasiwepo kitu kinachoning'inia chini kuliko fremu manake matuta yetu hayana huruma. Hapo anakubali. Fundi ndo bado anabishana, anataka midomo iangalie chini kwa sababu ni kazi fupi na sauti inapiga lami vizuri, mie nasema ikipiga lami na moshi unapiga lami na kupanda sakafuni. Jumamosi gari inapanda kwenye stendi, na kabla bomba halijaguswa msumeno tunatoa kapeti zote, tunawasha taa chini, tunazima juu, kila tundu litakaloonyesha mwanga linazibwa kwanza kwa bati na kuchomelewa.