Shule ya walezi ya Victoria ilizaliwa mara mbili

Historia ya Shule Kuu ya Malezi ya Watoto na Vijana ya Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, huanzia mwaka 1973. Hapo ndipo chuo hicho, kilichopo katika kisiwa cha Vancouver, jimbo la British Columbia, kilipoanza kutoa mafunzo ya kiwango cha shahada kwa watu ambao kazi yao ni kuishi na kuwa karibu na watoto na vijana walio matatani: walioondolewa kwa wazazi wao, walioshindikana shuleni, walioanza kujuana na polisi mapema mno. Sina ugomvi na tarehe hiyo. Lakini kwangu mimi shule hiyo ilizaliwa tena mwaka 1989, na kuzaliwa huko kwa pili ndiko kunakopaswa kusomwa na yeyote anayetaka kufundisha walezi.

Kwanza kazi yenyewe, maana watu wengi huichanganya na ya afisa ustawi wa jamii. Afisa ustawi anashika faili, anakwenda mahakamani, anaamua mtoto akae wapi. Mwanasaikolojia anamwona mtoto kwa miadi, pengine saa moja kwa wiki. Mlezi ndiye anayebaki. Anamwamsha mtoto asubuhi, anahakikisha amekula, anampeleka shule, anaamua ugomvi wa nani ashike rimoti, anakesha zamu ya usiku. Mwaka 1969 Wamarekani watatu, Albert Trieschman, James Whittaker na Larry Brendtro, walichapisha kitabu kuhusu hilo hilo: ikiwa tiba inachukua saa moja ya siku, zile saa 23 nyingine ndizo zinazomjenga au kumbomoa mtoto, na lazima mtu azifikirie kwa uzito uleule.

Tazama saa tatu usiku katika nyumba ya malezi. Mtoto wa miaka 12 ameambiwa azime taa. Anatukana, anaupiga mlango teke, anapiga kelele kwamba hataki kumwona mtu. Mlezi yuko kwenye korido na ana sekunde chache za kuamua. Akiingia akifoka, atakuwa amefanya kile kile ambacho mtoto huyo amekizoea kwa watu wazima. Akiondoka, atakuwa amemthibitishia kwamba watu huondoka. Labda atakaa chini nje ya mlango na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba yupo na hana haraka. Labda amesoma kumbukumbu za mtoto, anajua kwamba nyumbani kipigo kilikuwa kinaanza taa zikishazimwa, kwa hiyo ataacha balbu ya korido ikiwaka na mlango ukiwa wazi kidogo. Hapo hakuna daktari wala kikao. Yote anayoyajua kuhusu hofu, kuhusu ukuaji wa mtoto, na kuhusu hasira yake mwenyewe inayompanda kifuani, anayahitaji dakika ileile.

Walikuwepo watu walioelewa jambo hili zamani. Janusz Korczak, daktari wa Poland, aliongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini Warsaw tangu 1912, na humo watoto walikuwa na mahakama yao wenyewe iliyoweza kumshitaki hata mlezi. Mwaka 1942 alipelekwa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na watoto hao, na hakuwaacha. Fritz Redl, Mwaustria aliyehamia Marekani, alifungua nyumba ndogo mjini Detroit mwaka 1946 akiwa na David Wineman, kwa ajili ya wavulana wenye hasira ambao kila mtu alikuwa amewakatia tamaa. Nyumba hiyo ilifungwa 1948 kwa kukosa fedha. Hata hivyo iliacha mbinu ambayo walezi wanaitumia mpaka leo: kuzungumza na mtoto pale pale tukio lilipotokea, badala ya kungoja miadi ya wiki ijayo wakati kila mmoja ameshasahau nani alianza.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo, lakini aliyeyahitaji zaidi ndiye aliyekuwa hana. Katika taasisi nyingi za Amerika Kaskazini mlezi wa zamu alikuwa mtu wa chini kabisa. Aliajiriwa kwa sababu ana nguvu, au ana moyo mzuri, au hakuna mwingine aliyejitokeza. Ndiyo maana hatua ya Victoria ya 1973 ilikuwa ya ujasiri. Chuo chenyewe kilikuwa na miaka 10 tu tangu kipate hadhi ya chuo kikuu, na shahada ya malezi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa Amerika Kaskazini. Ilikuwa ni kutamka hadharani kwamba anayekesha na mtoto anastahili elimu ya miaka minne kama anayemwandikia mtoto ripoti.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba malezi ni moyo, hayafundishwi. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Moyo bila maarifa huchoka haraka sana, na ukichoka huanza kuadhibu. Mlezi anayempenda mtoto lakini hajui kwa nini mtoto huyo anamuumiza yule anayempenda, ataona kila tusi ni la kwake binafsi. Baada ya miezi michache ataacha kazi, na mtoto atahesabu mtu mzima mwingine aliyeondoka.

Lakini shahada nayo ina hatari zake. Chuo kikuu hufundisha kwa uhakika, na uhakika kuhusu watoto wa watu wengine umeiletea Kanada maafa makubwa. Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa jamii za asili walichukuliwa na kuwekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao, wengi wakadhulumiwa, maelfu wakafa. Kuanzia miaka ya 1960 maafisa wa ustawi wakachukua maelfu wengine na kuwapa familia za Wazungu. Wengi wa waliofanya hayo waliamini kabisa kwamba wanajua kilicho bora kwa mtoto. Shule inayofundisha walezi katika nchi yenye historia hiyo haiwezi kuingia darasani na kitabu kimoja cha ukuaji wa mtoto, ikakiita sayansi, na kunyamaza.

Sasa tufike 1989.

Mwaka huo Baraza la Meadow Lake, muungano wa jamii tisa za asili za Cree na Dene kaskazini mwa jimbo la Saskatchewan, lilimtafuta Alan Pence, profesa wa shule ya Victoria. Baraza lilitaka kufungua vituo vya kulelea watoto katika vijiji vyake, na lilihitaji watu wake wafundishwe kazi hiyo. Lilikuwa na masharti. Wanafunzi wasihamishwe kwenda mjini. Mafunzo yawe na hadhi ya chuo kikuu, ili aliyehitimu aajiriwe popote. Na watoto watakaolelewa na wahitimu hao waweze kuishi katika dunia zote mbili, ya kwao na ile ya nje, bila kulazimishwa kuitupa mojawapo.

Hapa ndipo ninapomheshimu sana Pence na wenzake. Njia rahisi ilikuwa kuchukua mtaala wa Victoria, kuupamba kwa hadithi mbili tatu za wenyeji na picha jaladani, kisha kuusafirisha. Wao walikubali kwamba sehemu kubwa ya kozi haijaandikwa bado, na kwamba wao si watu wa kuiandika. Chuo kingeleta nusu yake: nadharia, tafiti, taratibu za kazi. Nusu nyingine ingezalishwa darasani, wiki kwa wiki, na wanafunzi pamoja na wazee wa jamii zao.

Chukua mada ya mtoto mchanga. Vitabu vya chuo vinasema mengi kuhusu jinsi mtoto anavyojenga uhusiano na mama yake. Mwanafunzi anayasoma, na anatahiniwa. Halafu mzee anaketi mbele ya darasa na kueleza kwao mtoto alibebwaje, alilala na nani, alikaripiwa na nani, shangazi na bibi walikuwa na kazi gani. Mwalimu hatangazi nani mshindi. Mwanafunzi ndiye anayebaki na kazi ngumu ya kuyaweka mawili hayo pamoja na kuamua kesho atafanya nini kituoni. Mwalimu aliyetumwa na chuo naye anajifunza, kwa sababu kuna siku nzima ambazo hana jibu la kutoa.

Wazee hawakuwa mapambo ya ufunguzi. Walikuja darasani mara kwa mara, walisikilizwa, walibishana. Wengi wao walipitia zile shule za bweni, ambako waliambiwa utotoni kwamba wanachokijua ni ujinga, na sasa kozi ya chuo kikuu haikuweza kuendelea bila wao. Natamani kila mhadhiri anayeandaa mtaala alitafakari jambo hilo kwa siku chache. Vijana ambao walikuwa wameacha kuwatembelea wazee wakaanza kwenda kwao na maswali. Mafunzo ya walezi yakaanza kutengeneza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye malengo ya kozi: watu wa rika tofauti wakarudi kuzungumza.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi katika elimu ya juu. Wanafunzi wengi walimaliza, katika nchi ambayo vijana wa jamii hizo walikuwa wakiacha vyuo kwa wingi, na wengi wa waliomaliza walibaki kufanya kazi kwao. Jamii nyingine za asili ziliomba ushirikiano wa namna hiyo katika miaka iliyofuata. Sidhani kuna siri kubwa. Mtu hakimbii darasa ambalo bibi yake ni mmoja wa walimu.

Kutoka hapo mambo mawili yalifuata ambayo nitayataja kwa kifupi. Mwaka 2001 Pence alianzisha programu ya mafunzo ya malezi na makuzi ya awali kwa nchi za Afrika, kwa intaneti na semina za ana kwa ana. Washiriki waliteuliwa na nchi zao, wakiwemo wa Ghana, Malawi na Tanzania, wakasoma wakiendelea na kazi zao, na karibu wote walimaliza. Na mwaka 2002 James Anglin, profesa mwingine wa Victoria, alichapisha utafiti wake wa miezi 14 katika nyumba 10 za malezi za British Columbia. Alichokikuta ndani ni maumivu. Tabia nyingi tunazoziita utundu au ukaidi ni maumivu yanayotafuta mlango, na jaribio kubwa la mlezi ni kuyajibu bila kumwongezea mtoto mengine. Yule mtoto wa saa tatu usiku ameelezwa humo kuliko popote ninapopajua.

Hata hivyo kazi bado mbichi. Kwa sensa ya Kanada ya 2021, watoto wa jamii za asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa miaka 14 kushuka chini, lakini walikuwa asilimia 53.8 ya watoto wa umri huo walio katika malezi ya kambo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza zile shule za bweni, ilipomaliza kazi yake mwaka 2015 ilitoa miito 94 ya hatua, na mitano ya kwanza yote ilihusu ustawi wa watoto. Kwa takwimu hizo, mlezi anayehitimu katika nchi ile leo ana uwezekano mkubwa wa kukutana kazini na mtoto ambaye bibi yake alichukuliwa, mama yake akachukuliwa, na sasa yeye.

Ningekuwa na sauti katika shule ya aina hiyo, popote ilipo, ningeomba mambo mawili. La kwanza, kile kilichofanyika Meadow Lake kisibaki kuwa mradi wa pembeni wa kusifiwa kwenye maadhimisho. Nusu ya kila kozi ya malezi iachwe wazi ili ijazwe na watu ambao watoto wao watalelewa, nao walipwe kama walimu, kwa mkataba na kwa cheo. La pili linahusu wahitimu. Shahada imewapa walezi heshima, na pia imewapa njia ya kutoka: miaka michache ya zamu, halafu usimamizi, halafu ofisi, mbali na ule mlango unaopigwa teke. Siwalaumu, kwa sababu mishahara ya zamu za usiku inajulikana ilivyo. Lakini waajiri na serikali waweke ngazi ya vyeo ambayo mtu anaweza kuipanda hadi juu kabisa, mshahara ukipanda naye, huku bado zamu yake ni ile ya kwenye korido.