Wazungu wanawauliza watoto, sisi tunawapeleka kwa bibi

Kulikuwa na shoo ya ITV hapa Uingereza ilianza Septemba 2023, ikiitwa My Mum, Your Dad, mtangazaji wake Davina McCall, naye ndoa ilishamvunjikia kwa hiyo haongei habari za kusimuliwa. Washiriki ni watu wazima, wengi walioachika, mmoja mmoja kafiwa, wanawekwa jumba moja huko shamba watafute mwenza. Sasa utamu wenyewe ni kwamba waliowapeleka pale ni watoto wao, watoto wakubwa lakini, na wazazi hawajui kwamba hao watoto wako hapo jirani wanaangalia kila kitu kwenye skrini na wao ndo wanaamua mama leo atoke deti na nani.

Nikaitaja kwenye grupu la familia, moto ukawaka. Hawana haya hao, mtoto gani anakaa anamwangalia mamake anatongozwa. Sawa, hapo kwenye kuangalia hata mi siwezi, ningezima. Ila kwenye kuolewa tena tusijifanye watakatifu jamani. Sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja huko, mwanamke akiachika anakaa eda yake, akimaliza anajipamba, wachumba wanapiga hodi, ndoa ya pili, ya tatu na hakuna anayezimia. Tena ya kwanza wazee ndo walikuwa wanakuchagulia, ya pili unajichagulia mwenyewe. Huku mtu akiachika anahamia flati peke yake, jioni anashinda kwenye simu anapitisha picha za watu asiowajua, hana hata wa kumwambia kuna kaka mmoja pale msikitini, mkewe alifariki, ana duka lake, mtu mpole. TV ndo imekuwa shangazi yao.

Kinachonivutia mimi kwenye shoo hiyo ni kwamba mtu anaeleza yaliyompata kwa mdomo wake. Hapa Uingereza na Wales toka Aprili 2022 huhitaji hata kuthibitisha kosa la mwenzio ili upewe talaka. Kwetu Tanzania Bara bado ni Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida unaanzia baraza la usuluhishi, halafu mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kabisa haitengenezeki, so mnaanikana weee mpaka mtaa mzima una hukumu yake, ila mwenye talaka mwenyewe hajaulizwa na mtu.

Sio kwamba shoo zote za hivi nazisifia. Ile ya Marekani, The Golden Bachelor, babu wa miaka 72 akafunga ndoa laivu kwenye kituo cha TV cha ABC Januari 2024, Aprili wakatangaza wanaachana, hata picha za harusi hazijapoa. Wakorea nao wana Dolsingles toka 2021, wote walioachika, mwanzoni hamruhusiwi kusema kama mna watoto, halafu siku ya kusema ikifika unaziona sura zinavyobadilika, yaani unamhurumia mtu. Ila msimu wa pili kuna mama mwenye binti mdogo alipata mwanaume asiye na mtoto na wakaoana kweli.

Na hapo kwenye watoto ndo nilipotaka kufika. Mi nimelelewa na bibi. Mama alipoolewa tena nilijua siku yenyewe ya harusi, aliyeniambia mtoto wa jirani. Bibi alinilea vizuri sana, na baba wa kambo alikuwa mstaarabu, ada ya sekondari kalipa yeye, silalamiki. Lakini hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa na mimi akaniuliza. Na sheria hiyohiyo ya 1971 inasema wazazi wakigombea mtoto mahakama iangalie na matakwa yake kama ana umri wa kujieleza, sasa mama akiolewa tena nani anamuuliza? Anafungashiwa begi, anaambiwa ukamsaidie bibi.

Kuna mtu kwenye grupu akasema basi shoo hiyo ije Bongo. Ije wapi? Mtoto gani atamjazia mamake fomu, wajomba watakuwa wameshafika studio kabla ya tangazo la kwanza. Mi ningeanzia chini kabisa, posa ya mama ikija na watoto waitwe sebuleni, watajiwe jina la bwana, waulizwe tu kama wanamjua. Na wanamjuaga. Watoto wa mtaa wanajua nani anapiga mkewe, nani anakopa dukani halafu anapitia njia ya nyuma, nani akilewa anatukana, wanajua kuliko mshenga.